Hodi kwa Binti Sengo

“Mzika jina huliitikia.” Ndivyo alivyosema Mama Hidaya leo mkutanoni, watu wakacheka, kisha wakaniangalia, kisha wakaacha kucheka. Njiani mmeniuliza maneno hayo yalitoka wapi, na kwa nini macho yote yalinigeukia mimi. Kaeni basi. Methali nyingine zina umri wa mababu na hakuna ajuaye nani alizisema kwanza. Hii haina hata miaka kumi na mitano. Ilianzia kwangu, na sijawahi kuieleza bila kuona haya.

Zamani hapa tulipo palikuwa ukingoni mwa mji, na mtaa wote uliitwa Kwa Binti Sengo. Binti Sengo alikuwa mkunga, mjane, mwenye kiwanja kikubwa na kisima ambacho hakikukauka hata kiangazi kikali. Mgeni akiingia mjini hana pa kufikia, alielekezwa kwake. Baba yangu, Mzee Lugome, alielekezwa hivyo hivyo, akaja na mke mwenye mimba na godoro moja. Akapewa chumba cha uani. Mimi nilizaliwa katika chumba hicho, na mikono iliyonipokea ilikuwa ya Binti Sengo. Mwanawe Tausi, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea.

Baba alikaa pale miaka ishirini na miwili. Alikuwa seremala hodari, na milango mingi ya mtaa huu aliichonga yeye. Lakini mpaka siku anakufa watu walimwita mpangaji. “Kamwiteni mpangaji.” “Mtoto wa mpangaji kapita hapa sasa hivi.” Hawakusema kwa ubaya, lakini neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na nilikua nalo.

Binti Sengo alifariki, akazikwa kando ya kisima chake kama alivyousia. Tausi wakati huo alikuwa ameolewa Urambo. Alikuja mazikoni, akarudi kwa mumewe. Wajomba zake wakakigawa kiwanja, wakauza vipande vipande, wakahama. Waliokuja wakajenga, wakapangisha, na wapangaji wao hawakujua mahali hapa paliitwaje, wala hawakuuliza. Mimi nilinunua kipande, nikaweka karakana yangu ya useremala, baadaye nikachaguliwa mjumbe wa mtaa. Waliolijua jina la zamani tukabaki wawili: Mzee Mbiki, ambaye masikio yake yalikuwa yamekwisha kazi, na mimi.

Ndipo reli ikaja. Mji ulikuwa umefura, barabara hazipitiki, serikali ikaamua kuleta treni ya umeme ya kupita katikati ya mitaa. Wapimaji walipofika hapa, binti mmoja mwenye kofia ngumu na daftari aliniuliza, “Mzee, tutaweka kituo hapa. Wenyeji mnapaitaje?”

Swali jepesi, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza, nikasema, “Kwa Lugome.”

“Lugome ni nani?”

“Mtu wa kwanza kukaa hapa. Ni marehemu baba yangu.”

Akaandika. Aliandika kwa penseli, na nakumbuka nilijiambia: ni penseli tu, nitamfuata kesho nimwambie kweli. Kesho ilipofika nikasema kesho kutwa.

Uongo hauzai mtoto mmoja. Baada ya miezi miwili walikuja watu wa kuhamisha makaburi, maana lile la kisimani lilikuwa katikati ya njia ya reli. Wakauliza ni la nani. Nikitaja Binti Sengo, wataniuliza Binti Sengo ni nani, na jibu hilo litalifuta lile la kwanza. Nikasema, “Ni la zamani hilo. Halina mwenyewe.”

Wakabandika tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Siku zikapita, hakuna aliyejitokeza. Nani angejitokeza? Wakamhamisha kwa heshima, shehe akiwepo, wakamzika upya kwenye makaburi ya manispaa, juu wakachomeka kibati chenye namba: ishirini na saba. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya lori. Nilikwenda baadaye peke yangu nikaisoma ile namba, nikarudi nyumbani. Kisima walikifukia kwa kifusi, jukwaa la abiria likajengwa juu yake.

Treni zilipoanza, nilipanda siku ya kwanza nikiwa na kanzu mpya. Sauti ya mwanamke ikasema ndani ya behewa, “Kituo kinachofuata ni Kwa Lugome.” Watu walionijua wakanipa mkono. Nilitabasamu nao, lakini kila sauti ile iliposema jina la baba nilitazama chini, na sikupanda tena ila kwa lazima.

Ulipita mwaka. Siku moja, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nikipiga randa mlango wa mninga. Mwasiti, yule dada anayehudumia abiria kituoni, akaja mbio karakanani.

“Mjumbe, njoo unisaidie. Kuna bibi anapanda treni tangu asubuhi, anafika mwisho wa reli, anarudi. Hii ni mara ya nne. Anasema anangoja watu wataje kituo cha mama yake.”

Nilikwenda. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu magotini, khanga kajifunika vizuri kichwani. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Juu ya kichwa chake kilining’inia kibao cha kituo, na alikuwa hawezi kukisoma.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenyeji wa hapa?”

“Mimi ni mjumbe.” Sikutaja jina.

“Basi Mungu kakuleta. Mimi Tausi, natokea Urambo. Mama yangu kalala huku. Nikasikia siku hizi kuna treni inapita mpaka kwake, wajukuu wakanielekeza: bibi, wewe kaa, sikiliza, wakitaja Kwa Binti Sengo ushuke. Nimekaa, nimesikiliza. Wanataja vyote, hicho hawakitaji. Nataka nimsomee mama dua tu, baba, nami nirudi. Sina siku nyingi.”

Mwasiti alinitazama, anangoja. Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu.

“Hapana, mama,” nilisema. “Nimeishi hapa maisha yangu yote. Jina hilo sijawahi kulisikia.”

Laiti angenibishia. Hakunibishia. Alivuta-vuta pindo la khanga yake, kisha akasema, “Basi nimesahau mimi. Uzee huu! Mtu anafika mahali anasahau hata kwao. Nisameheni, wanangu, nimewasumbua.”

Treni ilikuwa inaingia. Mwasiti alimshika mkono, akamwinua, wakasogea taratibu mpaka karibu na milango. Lakini kabla ya kupanda, Bi Tausi aligeuza uso kuelekea kwenye nyumba, akasema, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayeaga mahali asipokuwa na hakika napo:

“Hodi kwa Binti Sengo.”

Wanangu, uani kule, hodi haikuitikiwa “karibu” peke yake. Binti Sengo alitufundisha watoto wote kwamba anayebisha hodi ametoka njiani na ana kiu, kwa hiyo atakayeisikia kwanza aitikie, “Karibu, maji yapo!” Nilikuwa sijayatamka maneno hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Sikuyaita. Yalinitoka.

“Karibu, maji yapo!”

Yalitoka kwa sauti kubwa, ya kitoto. Jukwaa zima liligeuka. Bi Tausi alisimama pale pale. Treni ikafunga milango, ikaondoka bila yeye.

“Nani huyo?”

Aligeukia upande ilikotoka sauti yangu.

“Jibu hilo ni la uani kwetu. Nani huyo?”

“Ni mimi, dada Tausi. Shomari.”

“Shomari yupi?”

Na mimi, niliyeandikisha jina la baba yangu juu ya kituo kwa herufi za ukubwa wa mkono, sikuwa na namna nyingine ya kumfanya anijue.

“Shomari wa mpangaji.”

Alinyoosha mkono, akanipapasa shavu, akashuka mpaka begani. “Nimekubeba,” alisema. “Kwa mgongo huu.” Kisha akaurudisha mkono wake ndani ya khanga. “Na umeniacha niseme nimesahau kwetu.”

Nilimweleza yote palepale, nikiwa nimesimama, watu wakisikia: penseli, kaburi, kisima kilichokuwa chini ya miguu yetu. Nilipomaliza, aliyesema alikuwa Mwasiti. Hakunisuta. Alisema polepole, kama anayejisemea, “Kumbe mzika jina huliitikia.”

Hapo ndipo maneno yalipozaliwa. Kufikia jioni wauza matunda wa kituoni walikuwa nayo, na baada ya mwezi niliyasikia kwa mtu asiyenijua kabisa.

Nilimpeleka Bi Tausi makaburini. Tulipofika namba ishirini na saba alichuchumaa, akakipapasa kile kibati, akauliza, “Nani aliwaambia halina mwenyewe?”

“Mimi.”

Akasoma dua yake mpaka mwisho. Akaniamuru nichote maji bombani, nikamwagia kaburi pale aliponionyesha kwa kidole. Wakati wa kuondoka nilimwomba msamaha. Alinijibu hivi, na ninyi mnaweza kupima uzito wake:

“La kwangu nimekusamehe, Shomari. La mama yangu utamwomba mwenyewe. Na baba yako pia umwombe. Alikuwa mpangaji mwema, hakuwahi kugusa kisicho chake. Wewe umemfanya mwizi naye yuko kaburini, hawezi kukirudisha.”

Mwaka uliofuata mjukuu wake alinipigia simu kunipa taarifa ya msiba wake. Nilikuwa nimekwisha kuchonga kibao cha mninga, nikakisimika mahali pa kile kibati: Binti Sengo, Mkunga. Hilo niliweza. La kituo sikuliweza. Nilikwenda ofisi za reli mara tano. Wakaniambia jina liko kwenye ramani, kwenye kadi za abiria, kwenye ile sauti. Wakazi wakikubali kwa mkutano, watalitazama. Mkutano ukaitishwa, nikasimama nikasema kweli yote. Watu walinisikiliza vizuri, kisha wakakataa. Lipo duka la dawa la Lugome, ipo shule ya chekechea ya Lugome. Walisema, “Mzee, tumeshazoea.”

Kwa hiyo lipo mpaka leo, na litanizika. Kila wiki hakosi mgeni anayeshuka kwenye treni, anaona karakana, anaona mzee, anakuja kuniuliza kwa adabu, “Samahani babu, huyu Lugome wa kituo alikuwa nani?” Naweka randa chini. Nasema, “Alikuwa mpangaji wa Binti Sengo.” Naye lazima aulize, “Binti Sengo ndiye nani?” nami naanza upya, tangu godoro moja mpaka kibati. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara tatu, na haya zangu hazipungui kwa kuzisema. Mzika jina huliitikia.