Kwa Nini Watu wa Isenyela na Lwangulo Humwombea Mpinzani kwa Jina

Zamani, kabla mabwawa mawili mnayonyweshea ng'ombe hayajakuwepo, bonde lililo kati ya Isenyela na Lwangulo lilikuwa tambarare tupu yenye nyasi fupi. Kila mwaka, ulezi ukishaingia ghalani, wanaume ishirini wa Isenyela walishuka kutoka kilima chao na wanaume ishirini wa Lwangulo kutoka chao, wakakutana hapo bondeni kuvutana kamba. Ilikuwa kamba ya ngozi ya fahali, imesokotwa ikawa nene kama mkono wa mtoto. Walioshinda waliondoka nayo. Walioshindwa walikuwa na mwaka mzima wa kuchekwa: kisimani, kwenye pombe, hata msibani wakati watu wanasubiri jeneza litoke.

Siku hizo kila mtu aliomba upande wake ushinde, na aliomba kwa sauti. Mungu yuleyule aliamshwa asubuhi ileile na vilima viwili, kila kimoja kikimtaka akiangushe kingine, na hakuna aliyeona ajabu. Mama aliyenyamaza siku ya kamba aliulizwa kama hawapendi wanawe.

Huko Lwangulo aliishi mwanamke aliyeitwa Ndimbumi. Alizaliwa Isenyela, akaolewa Lwangulo, akazaa huko mtoto mmoja wa kiume na kufiwa na mume. Maombi yake yalikuwa na sifa vilima vyote viwili. Ng'ombe akishindwa kuzaa aliitwa yeye. Mvua ikichelewa aliitwa yeye. Hakuwa mganga na hakudai chochote. Alifumba macho tu, akasema maneno machache, na mara nyingi jambo lilitengenea. Naye, tuseme ukweli, alipenda kuitwa. Neno "hapana" lilimshinda kabisa.

Basi mwaka huo mwanawe, Gwamaka, akachaguliwa kushika kichwa cha kamba upande wa Lwangulo, yaani awe mtu wa mbele anayetazamana na adui. Na upande wa Isenyela kichwa cha kamba kilikuwa mikononi mwa Asajile, kaka yake Ndimbumi wa tumbo moja.

Asubuhi Gwamaka alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, niombee. Nikivutwa leo sitaweza kutembea barabarani."

Ndimbumi akamwekea mkono kichwani, akasema, "Ee Mungu, watu wa Lwangulo wasivutwe hata hatua moja, na kamba isiwatoke mikononi."

Jua halijapanda vizuri akawa tayari amevuka bonde, kwa maana kaka yake naye alikuwa ametuma neno. Asajile alimpokea mlangoni, mvi zimeshamwingia ndevuni. "Dada, huu ni mwaka wangu wa mwisho," alisema. "Nisitoke na aibu." Ndimbumi akamwekea mkono kichwani na yeye, akasema maneno yaleyale, akibadilisha jina la kilima tu. Akirudi njiani moyo ulimsuta kidogo. Akajiambia Mungu atajua mwenyewe cha kufanya, kama tunavyojiambia sote tukishamtwisha mtu mzigo wetu.

Mzee Mwakalobo, aliyekuwa mwamuzi wa shindano, alichora mstari wa majivu, akainua fimbo, akaishusha. Wanaume arobaini wakalala nyuma kwa pamoja. Ngoma zikalia pande zote mbili.

Mpaka saa sita kamba haikuwa imesogea hata upana wa kidole. Watu walifurahi sana, wakasema hawajawahi kuona mwaka mtamu namna hii. Mpaka alasiri ngoma zilianza kuchoka, lakini kamba ilikuwa palepale. Jua lilipogusa kilima Mwakalobo aliinua fimbo, maana desturi ilisema kamba isipomtambua mshindi mpaka jioni, iwekwe chini na watu wakale. Hakuna aliyeiweka chini. Mwakalobo alidhani ni ukaidi, akaenda kuwakemea, na alipomkaribia Gwamaka akaona macho ya kijana yamejaa hofu.

"Mzee," Gwamaka alisema, "mikono haifunguki."

Walijaribu kuwafungua vidole, ikashindikana. Walileta panga, panga likapinda makali na kamba haikupata hata mkwaruzo. Wanawake wakawanywesha uji wakiwa wamesimama hivyo hivyo, na kulipokucha bado walikuwa wakivuta, maana hawakuwa na uwezo wa kuacha. Visigino vyao vilikuwa vimechimba ardhi usiku kucha. Watu wa Isenyela walikuwa wamezama mpaka magotini katika shimo lao, na watu wa Lwangulo katika lao, na kila pumzi iliwazamisha zaidi.

Mwakalobo alizunguka mashimo yale mawili, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Sasa upande wowote utakaovutwa utavunjika miguu. Miili itakwenda mbele, na miguu itabaki shimoni."

Hapo ndipo watu walipomkumbuka Ndimbumi. Walimjia kutoka pande zote mbili wakisema kwa pamoja: aombe. Wa Lwangulo walimtaka aombe Lwangulo washinde, kwa kuwa ndiko alikoolewa na mwanawe yuko pale. Wa Isenyela walimtaka aombe Isenyela washinde, kwa kuwa ndiko kitovu chake kilikozikwa. Hata Mwakalobo, mtu wa haki, alimvuta pembeni. "Binti yangu, chagua mmoja," alimwambia. "Ishirini wavunjike, ishirini wapone. Ukikawia watazama wote mpaka shingoni."

Ndimbumi alimtazama mwanawe, akamtazama kaka yake. Kisha akajifunga khanga kiunoni, na sauti aliyoitoa haikuwa ile ya mtu asiyejua kusema hapana.

"Sitachagua. Mimi ndiye niliyewafunga. Niliwaombea hawa, na niliwaombea na wale, kwa maneno yaleyale, na Mungu amenipa yote niliyotaka."

Kelele iliyozuka hapo haielezeki. Mwanamke mmoja alimrushia udongo. Vijana wakamwita mnafiki, na wazee wakatingisha vichwa. Ndimbumi aliacha udongo umkaukie usoni. Alipiga magoti kwenye mstari wa majivu, akamwomba Mungu ayafute maombi yake yote mawili. Alisubiri. Kamba ilibaki imekaza vilevile.

Akiwa bado magotini, sikio lake likiwa karibu na kamba, akasikia mnong'ono. Ulitoka mbele na nyuma yake. Wanaume arobaini, midomo imekauka, walikuwa wakisema chini chini: tushinde, tushinde, tushinde. Hawakuwa wameacha tangu jana. Alikuwa ameondoa maombi ya mtu mmoja, na yalikuwa yamebaki ya arobaini.

Akainuka, akachota maji, akaanza kazi. Alishuka katika shimo la Isenyela, akamwendea mtu wa mwisho kabisa, akamfuta uso. Akamwonyesha mtu wa mwisho wa upande wa pili. "Yule anaitwa Ambilikile," alimwambia. "Mkewe amejifungua juzi. Mwombee." Akavuka kwenda shimo la Lwangulo, akamfuta uso Ambilikile, akamtajia jina la yule aliyetoka kumfuta. Hivyo akaenda na kurudi, mtu kwa mtu. Aliwajua wote, wa kwao kwa kuzaliwa na wa kwao kwa kuolewa. Wengine walimtukana na wengine walifumba midomo. Hakubishana na yeyote. Alitaja jina, akasubiri kidogo, akaendelea na mwingine. Mara nne jua lilimlazimisha kukaa, na mara nne aliinuka. Mnong'ono haukukoma. Kila mmoja alikuwa tayari kumwombea mwenzake, ila baada ya mwenzake kuanza.

Mchana mashimo yalikuwa yamefika mapajani. Walikuwa wamebaki wawili tu, wa mbele.

"Gwamaka, mwombee mjomba wako."

"Siwezi, Mama. Wenzangu kumi na tisa wako nyuma yangu. Nikimwombea yeye nimewasaliti." Damu ilikuwa ikimchuruzika kutoka viganjani, ikitambaa kwenye kamba kuelekea kwa Asajile.

Ndimbumi akamgeukia kaka yake. Asajile alikuwa amekunja uso kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. "Uliniwekea mkono kichwani," alisema, "na mkono huohuo ulikuwa umetoka kichwani kwake."

"Ndiyo, kaka. Nilikukosea."

"Halafu leo unataka nimwombee yeye?"

"Nataka utaje jina lake tu. Wewe ndiye uliyempa. Nilikuwa nimelala na homa ya uzazi, baba yake yuko safarini, ukambeba mlangoni ukamtazama, ukasema huyu ni Gwamaka, ana nguvu. Ulilitaja jina hilo kabla ya mtu yeyote duniani. Litaje tena."

Asajile aliiangalia damu ikifika karibu na vidole vyake. Alikuwa mtu mzima aliyevuta kamba miaka ishirini na miwili, na mwaka wake wa mwisho alitaka kurudi nayo nyumbani, alitaka sana, na hakuna haja ya kumcheka kwa hilo. Mnong'ono wake ukakatika.

"Ee Mungu," alisema, "mrudishie Gwamaka mikono yake."

Kidole kidogo cha Asajile kikafunguka. Kikafuata cha pete, na cha kati. Gwamaka akaona, akaanza kulia kama mtoto mbele ya vilima viwili. "Na mjomba Asajile umrudishie miguu yake," alisema. Nyuma yao majina yakaanza kusikika, moja baada ya jingine, mengine yametajwa vibaya, mengine kwa aibu, mpaka watu arobaini walipokuwa wametajwa. Kamba ikalala chini. Hakuna aliyevutwa hata hatua moja.

Kutoka shimoni kulikuwa kazi nyingine, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi. Asajile, aliyekuwa wa kwanza kujikongoja nje, aliiokota kamba ileile, akamrushia mpwa wake ncha, akamvuta. Ndimbumi hakumkumbatia yeyote. Alikaa kwenye majivu akaoshwa uso na yule yule mwanamke aliyemrushia udongo.

Masika yalipofika mashimo yale yakajaa maji, na hayajakauka mpaka leo. Ndiyo mabwawa mawili mnayoyajua, na ndiyo sababu yanatazamana, yote mawili ya urefu mmoja.

Na tangu siku hiyo, katika vilima hivi, hakuna anayeomba timu yake ishinde. Kamba imeondoka, mpira umekuja, na jezi na filimbi na watoto wanaotaka kuwa mastaa, lakini kabla mpira haujaguswa kila mchezaji humfuata yule atakayekabiliana naye, golikipa kwa golikipa, beki kwa mshambuliaji, akamuuliza jina lake kamili na kumwombea kwa jina hilo. Omba pumzi, omba akili, omba usivunje mguu wa mtu, hayo ruksa. Timu za mbali hutucheka. Tunawaacha wacheke, kisha tunawauliza majina, na asiyetaka kulitaja lake hachezi.

Wala si jambo rahisi, asiwadanganye mtu. Kiangazi kilichopita Lwangulo walipata penalti dakika ya mwisho, na mpigaji alikuwa Lugano, mwana wa pekee wa mama Tumpe anayeuza vitumbua sokoni. Mama Tumpe alikuwa amesimama kando ya uwanja, macho ameyafumba, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia akianza, "Ee Mungu, mwanangu a..." Akanyamaza. Kisha akamtaja golikipa wa Isenyela, jina lake na la baba yake, akaomba vidole vyake visiumie.

Golikipa akaudaka. Mama Tumpe alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa khanga, halafu akapiga makofi.