Panya-miti Aliyelala Kipupwe Kizima

Hapo zamani, katika milima ya kusini ambako kipupwe kikiingia umande huganda majanini na viazi hunyauka kwa asubuhi moja, aliishi mtu aitwaye Ambokile, pamoja na mama yake na wake zake watatu. Mke mkubwa alikuwa Tusekile, wa kati Ndimbumi, mdogo Tumwitike. Hawakupendana. Tusekile akimwona Ndimbumi kaletewa kuni na mume, chakula hakimshuki. Ndimbumi akimsikia Tumwitike akicheka na mume, hubeba mtungi wenye maji akaenda kuchota mengine, apate kupita karibu. Na Tumwitike, ambaye hakuwa na mtoto, aliwaonea wenzake wivu hata watoto wao walipokohoa.

Mama mkwe wao alikuwa na shamba moja dogo mteremkoni, mahali ambapo baridi haiunguzi mimea. Lilikuwa dogo mno kugawanywa, na wote watatu walilitaka.

Mama huyo alifuga panya-miti watatu ghalani, wale wenye mkia wa manyoya kama wa kindi, wakimlia wadudu wa ulezi. Siku moja aliwaita wakwe zake akampa kila mmoja wao panya mmoja.

"Kifua changu hakiwezi tena baridi," alisema. "Nateremka ziwani kwa wifi yenu. Nikirudi, atakayenionyesha panya mzima ndiye atakayelima shamba langu. Anayeweza kumvusha kiumbe mdogo kipupwe, na shamba ataliweza."

Ndimbumi alikuwa binti wa mrina asali. Tangu utotoni alikuwa ameona panya-miti kwenye mashimo ya miti, akajua desturi yao. Alimlisha wake karanga, asali na senene mpaka shingo ikapotea kwa unono. Kisha akamtia kwenye kibuyu chenye majani makavu, akakitundika upande wa ukuta unaopigwa na upepo. Baridi ilipokaza, panya alijiviringa, akajifunika uso kwa mkia. Mwili ukapoa kama jiwe la mtoni, na pumzi ikawa ya kusubiriwa. Alikuwa amepunguza moto wa mwili wake, ili mafuta yale yamfikishe kwenye jua.

Tusekile alimwuliza mbona panya wake haonekani akila. Ndimbumi alijibu, "Kila mtu alee wa kwake."

Tusekile akamlea wake kando ya jiko. Kila alipoanza kupoa alale, moto ulikokwa akazinduka, na kila kuzinduka kulimla mafuta. Alifia majivuni, ngozi na mifupa. Wa Tumwitike hakunenepeshwa. Baridi ilimkuta mwembamba, akajiviringa kama yule wa Ndimbumi, lakini hakuwa na akiba mwilini, akafa usingizini.

Alasiri moja, Ndimbumi alipokwenda mtoni, Tumwitike aliingia nyumbani mwake akafungua kibuyu. Alimkuta panya amejikunja, baridi tupu. Alifurahi, akidhani naye amekufa. Mara panya akavuta pumzi kiganjani mwake. Hapo Tumwitike akaelewa kwamba mwenzake alijua tangu mwanzo na akawaacha wapotee. Wivu ukampanda. Alikimbia kuleta mzoga wa panya wake, akaulaza ndani ya kibuyu, akaondoka na aliye hai. Tusekile alikuwa barazani akisaga ulezi. Aliona yote, akaendelea kusaga.

Tumwitike alimweka panya karibu na moto ahakikishe anaishi. Panya alitetemeka, akaamka, akadai chakula. Karanga zilikuwa zimemwishia. Basi kila asubuhi alikwenda kubandua magome ya miti akitafuta funza, vidole vikapasuka vikatoka damu. Uji wake alimgawia. Akaanza kumpenda, akimzungumzia kama mtoto. Mwisho homa ya kifua ikamlaza kitandani.

Tusekile alipompelekea maji, alimkuta panya jikoni, amekonda, analia. Alisimama akimtazama. Akifa huyu, moyo ulimwambia, hakuna atakayepata shamba, na Ndimbumi hatanicheka. Aliondoka akafika mlangoni, kisha akarudi. Alimkumbuka wake aliyefia majivuni. Alimchukua huyu aliye hai, akamlisha karanga za mbegu alizojiwekea mpaka akanona, halafu akamtundika penye upepo. Panya akapoa, akalala.

Jua liliporudi, mama akapanda kutoka ziwani. Ndimbumi alikuwa wa kwanza kuleta kibuyu, akakiweka juani bila kukifungua, akakaa akitabasamu. Jua likapanda, panya hakutikisika. Kilichotoka kibuyuni kilikuwa harufu ya uozo. Ndipo Tusekile akaleta kibuyu chake. Panya aliyekuwamo alitetemeka kidogo kidogo, akafumbua macho.

Ndimbumi aliwatazama wenzake kwa zamu. Tumwitike, aliyekuwa bado akijishika ukutani kwa udhaifu, akasema yote, na Tusekile hakukana.

"Huyu ni wangu," alisema Ndimbumi. "Mafuta yaliyomvusha niliyaweka mimi. Mngemwacha, angeamka mwenyewe leo."

"Ungetuambia neno moja tu, leo wangeamka watatu," alisema Tumwitike. "Nimeiba, ndiyo. Lakini nilipomwamsha sikumtupa. Nimemlisha kwa vidole hivi."

Tusekile naye akasema, "Ninyi wawili mlimtaka ili mnishinde. Na mimi nilinyamaza ili mshindwe. Lakini mikononi mwangu ndimo alimolala tena, na mbegu zangu ndizo alizokula. Mwaka huu sina cha kupanda."

Mama mkwe aliweka magotini jembe la kumkabidhi atakayelima shamba. Ambokile alitaka kusema, mama akamzuia kwa mkono. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na jua likaondoka uani hajatamka jina.

Mimi nimewaeleza walivyotenda, sikumpunguzia mtu wala sikumwongezea. Sasa shikeni ninyi jembe hilo. Je, shamba la mteremkoni alistahili nani?