Chumvi Haina Miguu

Kisa hiki kimepita mikono mingi kabla ya kunifikia. Kisome taratibu, kisha mpelekee yeyote unayemjua mwenye duka.

Juu milimani Upare palikuwa na kijiji chenye duka moja tu. Barabara ya magari iliishia chini tambarare, na kila kilichouzwa huko juu kilipandishwa kwa mgongo wa punda. Mwenye duka alikuwa Mzee Kajiru. Alipougua ugonjwa uliomwondoa, alimwita mwanawe Senkondo, akamkabidhi funguo pamoja na wosia mfupi.

"Mambo yakikubana, pandisha sukari. Pandisha soda, biskuti, sabuni ya kunukia. Chumvi usiiguse."

Senkondo aliitikia. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, akadhani hayo ni mazoea tu ya mzee.

Masika yaliyofuata yaliharibu njia, na kukodi punda kukawa ghali. Senkondo akaufuata wosia, akaongeza bei ya sukari kidogo.

Watu hawakulalamika. Waliacha tu kununua. Miwa ilistawi kandokando ya mifereji, basi wakawa wanakunywa chai chungu huku wakitafuna muwa. Wengine wakarudia uji wa ndizi mbivu. Sukari ikagandamana guniani hadi ikawa ya kuvunja kwa jiwe, na chupa za soda zikashika vumbi. Senkondo akamlaumu marehemu moyoni. Wosia gani huu unaofukuza wateja?

Ndipo akaijaribu chumvi.

Aliongeza kidogo bei ya kikopo, akasubiri. Hakuna aliyepungua. Chakula cha watu wa kule ni makande, mahindi yaliyopikwa na maharage, na makande yasiyo na chumvi hata mbwa huyanusa akaenda zake. Akaongeza tena. Walewale walikuja, wakapimiwa kikopo kilekile, wakalipa. Senkondo akaona amegundua jambo ambalo baba yake hakulijua maisha yake yote. Akairudisha sukari kwenye bei ya zamani, na hasara yake yote akaifidia kwa chumvi.

Siku moja akiwa barazani, wazee wakamtania kwamba duka limemnenepesha. Akacheka nao, akawapa siri yake.

"Sukari ina miguu," alisema. "Ukiigusa tu, inakimbia. Chumvi haina miguu."

Wazee walicheka, lakini si sana.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mjane aitwaye Nakijwa, jirani yao wa tangu zamani, aliyembeba Senkondo mgongoni alipokuwa mtoto. Chumvi ilipopanda mara ya tatu, Nakijwa alikuja na kikopo chake kama kawaida. Aliposikia bei aliinua macho.

"Hata chumvi, mwanangu?"

"Imepanda huko chini, mama," alijibu Senkondo. Haikuwa imepanda.

Nakijwa alilipa. Kisha akakirudisha mezani kipande cha sabuni alichokuwa ameshakishika, akasema atakuja kukichukua siku nyingine. Senkondo alikirudisha rafuni bila kuwaza lolote. Mwaka huo aliezeka duka kwa bati jipya la buluu lililoonekana hadi ng'ambo ya bonde. Aliamini kabisa kwamba watu wanampenda. Wangekuwa hawampendi, wangekuwa wanakuja?

Halafu kijana mmoja aitwaye Mbonea akajenga kibanda cha mabanzi ng'ambo ya mfereji, akaanza kuuza vitu vichache. Senkondo alituma mtu kuuliza bei ya chumvi. Ilikuwa sawasawa na yake. Akalala usingizi mzuri.

Siku ya pili ya soko la gulio haijapita, kijiji kizima kilikuwa kimehamia kwa Mbonea. Hawakuhamisha chumvi peke yake. Walihamisha mafuta ya taa, viberiti, sabuni, na hata sukari ambayo kwa Senkondo ilikuwa rahisi zaidi.

Senkondo akashusha bei ya chumvi hadi ile ya baba yake. Hakuja mtu. Akaishusha chini ya bei aliyonunulia. Mwisho akaweka beseni la chumvi mlangoni, kila apitaye achote bure. Watu walimsalimia vizuri, wakamuulizia hali ya nyumbani, wakapita. Ukungu wa milimani ukaingia, na chumvi ikaanza kutoa maji ndani ya beseni.

Alipoona ameshindwa kulipia hata punda mmoja wa kukodi, alikwenda kwa Nakijwa. Alimkuta jikoni akipakua makande. Nakijwa hakumfukuza. Alimwekea sahani, akamkaribisha kigoda.

"Nimeishusha, mama," Senkondo alisema. "Kwake ni ghali kuliko kwangu. Mnanunua ghali kwa nini?"

Nakijwa alipuliza moto kwanza.

"Sukari ulipoipandisha tuliiacha, tukakusamehe siku hiyohiyo. Chumvi hatukuweza kuiacha. Kila tulipoinjika chungu, tulikukumbuka."

Senkondo alitazama sahani yake.

"Ulisema chumvi haina miguu," mama yule aliendelea. "Kweli haina. Sisi tunayo, ila hatukuwa na pa kwenda."

Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Zamani, yeye mwenyewe alimuuliza Mzee Kajiru kwa nini sukari yake hupanda na kushuka, na chumvi yake imesimama palepale. Mzee alimjibu kwamba mtu akiona sukari ghali huiacha, na kwa kuiacha amekwisha kumjibu mwenye duka. Wa chumvi hana la kujibu. Asiyeweza kukujibu, alisema mzee, usimwongezee.

"Mbona mimi hakuniambia sababu?" aliuliza Senkondo.

"Alikuwa anakungoja uulize, mwanangu. Aliniambia hivyo nilipokwenda kumjulia hali."

Makande yalikuwa yamekolea chumvi vizuri. Senkondo alikula machache kwa heshima ya mwenye nyumba, kisha akaaga.

Duka lile lilifungwa. Bati la buluu bado lipo, na chini yake watu huhifadhi mahindi. Senkondo hulima maharage. Chumvi inapokwisha nyumbani, hushika kikopo akavuka mfereji kwenda kwa Mbonea.

Mwaka huu alikuta kikopo kimepanda kidogo. Alilipa, kwa kuwa lazima ale. Akageuka kuondoka, kisha akarudi hadi mezani.

"Mdogo wangu, mambo yakikubana, pandisha sukari. Chumvi usiiguse."

Mbonea alimshukuru kwa adabu, akaendelea kumpimia mteja mwingine. Hakuuliza kwa nini.

Funzo: Anayeendelea kununua baada ya bei kupanda si lazima awe ameridhika. Huenda hana pa kukimbilia, na siku atakapopata pa kwenda, hutamrudisha hata kwa kumpa bure.