Pimbi na Mlango wa Makabwela

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na bwawa.
Na wenye kiu.
Palikuwa na msimulizi.
Na wa kumsikiliza hapana.

Haya, nyie wa nyuma mmeitikia kama wagonjwa, lakini nimewasamehe. Sogeeni.

Hapo kale aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, darini mwa nyumba ya bwana shauri mmoja, mtawala wa wilaya enzi za ukoloni, aliyekwisha kurudi kwao Uingereza. Bwana yule aliacha mlango mzuri wa mninga na kasha la vitabu. Nyani walichukua masufuria, mchwa wakachukua meza, vitabu hakuvitaka mtu. Pimbi akavisoma. Vyote vilihusu jambo moja: bunge la Waingereza, lilivyoanza na lilivyogombana na wafalme, karne kwa karne. Akasoma masika, akasoma kiangazi, akalinganisha kitabu hiki na kile, na vilipopingana akaandika kwa mkaa ukutani. Alipomaliza alijua kila kitu, na hakuwa na wa kumwambia.

Si kwamba hakujaribu. Akamfuata Kobe, akamwanzia kwamba zamani mfalme wa Uingereza alijifunza kutotoza kodi bila kuwauliza watu wake. Kobe akaingiza kichwa gambani. Akamfuata Swala, akamwanzia vilevile. Swala akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Akamfuata Kanga, akamwanzia vilevile. Kanga akasema, "Mzee Pimbi, hayo ya huko yanatuhusu nini?" Pimbi akarudi darini, akausimulia ukuta. Upweke ulimkaba. Usicheke, wewe. Kujua jambo zuri peke yako ni kama kula pilau peke yako, tonge halishuki.

Mwaka ule jua likawaka, mito yote ya karibu ikakauka, likabaki bwawa moja. Akaja Kiboko, mkubwa na mlafi, akajitosa, chubwi! Akatangaza kwamba yeye ni mfalme na maji yote ni yake. Aliyesogea alifukuzwa. Watoto wa Swala wakaanza kuanguka kwa kiu.

Pimbi akashuka darini. Akasimama ukingoni, akaamkia kwa unyenyekevu, akamwuliza Kiboko kama ni mfalme wa kweli au wa porini tu. Kiboko akanuna, akataka kujua tofauti. Pimbi akamweleza: mfalme wa kweli, kama wa Uingereza, ana bunge. Wakubwa wana nyumba yao na makabwela wana yao. Na mfalme haingii nyumba ya makabwela hata siku moja. Humtuma mjumbe mwenye fimbo nyeusi. Mjumbe akikaribia hufungiwa mlango usoni, hugonga mara tatu, ndipo hufunguliwa.

"Mlango usoni, na mfalme hakasiriki?" Kiboko akauliza.

"Ndio ufalme wenyewe, Mtukufu. Wa porini huingia popote. Wa kweli hungoja."

Tumbo la Kiboko lilikuwa kubwa, lakini majivuno yake yalilizidi. Akatoka majini, akaamuru makabwela wajenge nyumba yao. Mahali akapachagua Pimbi: palepale, kulizunguka bwawa. Wakazungusha ua wa miiba, wakaukita ule mlango wa mninga. Kiboko angeweza kuuangusha kwa pua tu, lakini mila ni mila, akaenda zake kulala kwenye tope la nje.

Kesho yake akamtuma Ngiri na fimbo nyeusi. Mlango ndi! Ngiri akagonga, ko, ko, ko. Akafunguliwa, akaambiwa mfalme angoje, bunge bado linajadili. Ndani wanyama wanakunywa, gu, gu, gu. Kesho kutwa akamtuma tena. Mlango ndi! Ko, ko, ko. Mfalme angoje, bunge bado linajadili. Ndani gu, gu, gu.

Sasa, bunge lisilosikika litashukiwa. Kwa hiyo Pimbi akapanda jiwe, akasimulia historia yake tangu mwanzo, kwa sauti. Siku ya kwanza moyo ulimdunda kwa furaha kuona hadhira kubwa namna ile. Kisha akaona. Wanakunywa, wanafuta midomo, wanatokea tundu la nyuma. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Siku ya nne alikuwa anayahutubia maji.

Ndipo ikasikika sauti nzito nje ya mlango. "Kisha ikawaje?"

Alikuwa Kiboko, amelala ubavu mlangoni, ngozi imeanza kupasuka. Pimbi akamjibu. Kiboko akauliza tena. Akataka kujua Spika ni nani, na kwa nini wakubwa na makabwela wasikae pamoja. Kesho yake akaja mapema zaidi. Ngiri akachoka, akaitupa fimbo, akaenda zake. Wakabaki wawili, mlango katikati. Pimbi alikuwa akiamka na furaha asiyoijua tangu azaliwe.

Lakini ngozi ya Kiboko ilizidi kupasuka, na siku moja akauliza, "Hivi hapana mfalme aliyechoka kungoja, akaingia?"

Sura ile Pimbi alikuwa amepanga kuiruka. Akawaza watoto wa Swala.

"Yupo," akasema. "Aliingia na askari, akitaka wabunge watano. Spika akapiga magoti, akasema humo ndani hana jicho la kuona wala ulimi wa kusema, ila kwa amri ya nyumba ile. Mfalme akatoka mikono mitupu."

"Kisha ikawaje?"

"Vikaja vita. Mfalme akashindwa. Wakamkata kichwa."

Kiboko akaipapasa shingo yake, nayo hata haijulikani inaanzia wapi. Kisha vikasikika vishindo, ti, ti, ti, vinaelekea mto mkubwa ulio nyuma ya milima, mwendo wa siku saba. Pimbi akaufungua mlango mbio.

"Mtukufu," akaita, "bado karne tatu na ushei sijakusimulia."

Kiboko hakugeuka. Nyuma ya Pimbi ngoma ilikuwa imekwisha kuanza, wanyama wanaoga na kurukaruka, na hakuna aliyemwuliza amemfukuzaje. Akasimama mlangoni mpaka vishindo vikaisha.

Basi funzo, wanangu, mlishike vizuri: someni sana historia, mpate marafiki wengi.

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu niachieni mwenyewe.