Ngata za Wasiokuwepo

Palikuwa na mkuu wa mahamali wa forodhani, Bwana Khelef, aliyekipenda kiti chake kuliko chakula. Mahamali wana desturi yao ya kuchagua mkuu: kila mtu huvua ngata, lile duara la kitambaa la kutulizia mzigo kichwani, akaiweka mbele ya amtakaye. Khelef akapanga uchaguzi saa ileile meli inapopakuliwa. Tena akaweka sharti: asiyekuja, ngata yake ni ya Khelef.

Akashinda vizuri sana. Hata ngata ya Machano, hamali aliyesimama kumpinga, ikahesabiwa ya Khelef.

Machano hakutaka ukubwa. Khelef alikuwa ameamuru gunia la kubebwa na watu wawili kwa mti mabegani, sasa alibebe mmoja kichwani, na mgongo wa Machano ulikuwa unakwisha. Akaenda kumshitaki kwa Kadhi, ambaye, bahati mbaya, kila jioni hunywa kahawa kwa Khelef.

Kadhi akamwambia ameshindwa, atulie.

"Nilikuwa na gunia kichwani, Sheikh. Ngata ningeivuaje?"

"Ungelitua."

"Ningetua, Bwana Khelef angenifukuza kwa kutua."

Khelef, aliyeketi barazani kando ya Kadhi, akajipepea. "Sheikh, hawa watu wangu nawajua. Kimya chao ni mapenzi."

"Si kimya, bwana mkubwa," Machano akasema. "Tulikuwa tunahema."

Baraza likaguna. Kadhi akakaza uso. "Hata bibi arusi akinyamaza, tunasema ameridhia."

"Kweli kabisa, Sheikh. Ila yeye huulizwa kwanza. Na hatumtwishi gunia."

Sasa watu walicheka wazi, na Kadhi hakupenda. Akamwamuru karani aandike hukumu: asiyekuwepo ahesabiwe yu pamoja na aliye mbele.

Machano akauliza kwa adabu kama hukumu hiyo ni ya mahamali peke yao.

"Sheria haichagui watu," Kadhi akasema kwa kiburi kidogo. "Ni ya mji mzima, na kwa kila jambo."

Machano akainama, akashika mkono wa Kadhi, akaubusu.

"Mungu akuzidishie, Sheikh. Mimi mja dhaifu, nakiri, usingizi wa alfajiri hunishinda. Basi kesho ukitangulia kutuswalisha, usihangaike kunitafuta kwa macho. Nihesabu tu, nipo safu ya kwanza."