Tairi za Dereva wa Pili

Usimalize tairi, mwenzako hajapanda. Nimewasikia mkicheka mama yenu alipomwambia hivyo huyu mlafi aliyetaka kukomba bakuli lote la mchuzi. Sasa mnaniuliza tairi na mchuzi vinahusiana vipi. Haya, sogeeni karibu. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo, nikiwa mjaza mafuta wa timu.

Enzi hizo, nje ya Gilgil palikuwa na uwanja wa mbio za magari. Mbio zake kubwa zilikuwa za saa tatu mfululizo: gari moja, madereva wawili wa kupokezana. Mmoja anaendesha nusu ya kwanza, anashuka, mwenzake anapanda. Na sheria ya pale ilikuwa kali: tairi mlizoanza nazo ndizo mtakazomalizia.

Madereva wetu walikuwa Kigen na Mumbua. Kigen alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka mmoja alitangulia yeye, akawaacha wenzake mbali, uwanja mzima ukiimba jina lake. Alipomkabidhi Mumbua gari, tairi zilikuwa zimelika zikawa kipara kama kichwa changu hiki. Mumbua aliteleza kwenye kona ya kwanza akaishia ukutani. Watu wakasema mwanamke ameharibu mbio. Kigen alisikia, akanyamaza. Jambo hilo liliniudhi, na hata leo linaniudhi.

Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka Ulaya, mkuu wa timu ya zile mbio zinazokesha, ambazo madereva hupokezana mchana na usiku. Alitaka dereva mmoja tu wa kuondoka naye. Mumbua alikuwa ameitamani nafasi hiyo tangu alipokuwa akiendesha lori la mchanga la babake kule Machakos. Na safari hii zamu ya kutangulia ilikuwa yake. Sote tulijua maana yake: akikimbia kufa na kupona, mgeni atamwona, naye Kigen ataachiwa kipara. Wengine pale karakanani walimhimiza afanye hivyo hivyo, kwa kuwa dawa ya moto ni moto.

Bendera ikashuka, injini zikanguruma hadi vifua vyetu vikatetemeka. Mumbua aliondoka vizuri akishika mbele, kisha akaanza kuingia kona kwa upole. Gari moja likampita. Likampita la pili, na la tatu. Mashabiki wakazomea, na mgeni akageuza macho kutazama magari mengine. Mkuu wa timu yetu, Bwana Lubanga, akashika redio huku jasho likimtoka.

"Mumbua, kanyaga mafuta. Mgeni yupo hapa na nafasi ni moja."

"Najua, Bwana," sauti ya Mumbua ikajibu. "Lakini siwezi kumaliza tairi, mwenzangu hajapanda."

Bwana Lubanga akaweka redio chini. Kigen alikuwa amesimama kando yake, na alisikia kila neno.

Mumbua alimaliza zamu yake akiwa wa nne. Nikajaza mafuta, Kigen akapanda. Jamani, gari lile lilivyoshika barabara! Wenzake walikuwa wakiserereka kama mbuzi kwenye matope, yeye anakata kona anavyotaka. Akampita wa tatu. Akampita wa pili. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, akajipenyeza upande wa ndani na kutokea mbele. Tuliruka, tukakumbatia watu tusiowajua, nikapoteza kiatu kimoja wala sikujali.

Mgeni alimwendea Kigen moja kwa moja, akampa mkono na kumwambia ajiandae kwa safari. Jueni kwamba Kigen naye aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote, na angenyamaza tu angeipata. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Bwana, mimi nimekanyaga mafuta tu," akasema. "Tairi nimeachiwa na huyu. Mwaka jana mimi nilimwachia kipara, akagonga ukuta, nikaacha alaumiwe. Unayemtafuta ni yeye."

Mgeni alichuchumaa, akapapasa tairi moja, kisha akasimama na kumuuliza Mumbua kama ana pasipoti. Mumbua alilia kwa furaha, nami nikalia naye bila aibu yoyote. Siku ya safari, aliyembebea mizigo hadi uwanja wa ndege alikuwa Kigen.

Mumbua aliendesha huko miaka mingi, akishinda na kushindwa, na wenzake wakigombania kupangwa naye gari moja. Kila aliyepokea usukani kutoka kwake alikuta tairi bado zina uhai. Usimalize tairi, mwenzako hajapanda.