Utepe Mwekundu na Uji wa Digidigi

Hodi. Hadithi iko mlangoni.

*Ipite, iketi.*

Iketi wapi?

*Kati yetu.*

Basi sogeeni, nami niseme polepole, maana hadithi hii mimi mwenyewe bado inanichanganya.

Hapo kale, wanyama wadogo walikuwa na shule ya msingi, na Mwenyezi Mungu aliwajalia mwalimu mwenye miguu mirefu na moyo safi, Korongo. Korongo alisema, "Kusoma bila tabia njema hakutoshi." Akaandika ukutani: USIIBE. SEMA KWELI. MHURUMIE MWENZAKO. Kisha akaleta utepe mwekundu. "Nitakayemwona ana huruma kuliko wote, nitamvika."

Siku hizo Digidigi alikuwa amefiwa na mama yake. Alikuja shuleni, alikaa, lakini hali kitu. Uji wa saa nne alipewa, ukapoa, ukamwagwa. Kesho yake ukamwagwa. Keshokutwa yake ukamwagwa. Miguu yake, myembamba tangu kuzaliwa, ikazidi kukonda. Msiba huua njaa. Hilo nalijua.

Wenzake walikuwa wameuona ule utepe. Akaja Nguchiro na karanga. "Pole, dada. Kula." Huku jicho liko kwa mwalimu. Digidigi hakula.

Akaja Pimbi na leso. "Pole, dada. Nikufute machozi."

"Silii."

"Lia kidogo basi, mwalimu anakuja."

Hakulia, hakula.

Akaja Kima, akamkumbatia mbele ya darasa zima, akamkumbatia mpaka karibu amkoseshe pumzi. Hakula.

Sasa, dawati la nyuma alikaa Kicheche. Mnamjua Kicheche. Ananuka, hakuna anayetaka kukaa naye. Digidigi akahamia huko na kikombe chake. Mnacheka? Harufu ile iliwaweka wenzake mbali, ikampa nafasi ya kupumua.

Kicheche hakusema pole. Alikitazama kikombe, akakivuta, akanywa.

"Huo wangu," akasema Digidigi.

"Si huutaki?"

"Nani kasema?"

"Unapoa bure. Na leo wametia sukari, nakuambia." Akanywa tena.

"Kicheche, niachie."

"Njoo uuchukue kabla sijaumaliza."

Digidigi akamnyang'anya, akanywa mpaka chini, akalamba ukingo.

Mwalimu Korongo akawa amefika. "Kicheche, unaiba uji wa yatima?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwalimu, nimeunywa," akasema Digidigi. Ndipo machozi yakamtoka, yale aliyoyangoja Pimbi.

Korongo akautazama ukuta, akamtazama Kicheche. "Ulitaka kumsaidia?"

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa na njaa."

Ameiba. Amesema kweli. Na mwenzake ameshiba. Avikwe utepe au achapwe?

*Avikwe. Achapwe. Avikwe.*

Hata nyinyi. Korongo alisimama na utepe mkononi hadi kengele ikalia. Mimi swali hilo nimelipeleka kwenye sala zangu, na Mungu hajanijibu.

Kesho yake saa nne, wanafunzi wakauona utepe. Mpini wa upawa wa kugawia uji ulikuwa umepasuka siku nyingi. Sasa umefungwa kwa utepe mwekundu. Korongo akaushika upawa ule, akajaza kikombe kikubwa, akakiweka dawati la nyuma, katikati ya wale wawili. Kisha akawapa mgongo, asiwaone.

Hadithi inaaga.

*Imekula?*

Imekula.

*Basi iende salama.*